Taa ya pikipiki imekuwa ya njano: namna ya kuisafisha na kuilinda isirudie

Leo viwavi na mbolea ya kukuzia tunaviweka pembeni kidogo, tunashika chombo kinachobeba mazao yenu. Naongelea pikipiki, na hasa ule uso wa plastiki wa taa ya mbele. Pikipiki ikiwa mpya unang'aa kama maji ya kisima. Baada ya misimu kadhaa unaingia ukungu, halafu njano, mwisho unafanana na chai ya maziwa.

Najua kuna atakayeuliza bwana shamba na taa za pikipiki wapi na wapi. Hapa Ipililo mwenye nyanya anafunga matenga saa kumi alfajiri ili awahi soko kabla wachuuzi hawajapanga bei yao. Mwenye pamba anatoka kwenye mizani ya AMCOS giza limeshaingia, kwa sababu foleni haina huruma na mtu. Anayeuza maziwa ndiyo kabisa, saa zake zote ni za giza. Biashara ya kilimo cha siku hizi inatembea usiku, na inatembea kwa pikipiki. Hata sisi maafisa ugani tuliogawiwa pikipiki na serikali mwaka 2022, taa zetu nazo zimeanza kuonyesha umri.

Tufanye hesabu kidogo, maana kijana wa biashara anaelewa hesabu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Tangu macho yaone ng'ombe mweusi katikati ya njia mpaka mkono na mguu vishike breki, kwa mtu aliyeamka usiku wa manane, weka sekunde moja na nusu. Hapo mita 25 zimeshakwenda na bado hujaanza kupunguza mwendo. Breki kwenye changarawe, ukizikamata kwa akili bila kuserereka, zinataka mita nyingine 28 hivi. Jumla umevuka mita 50, na hapo sijakufungia matenga mawili nyuma. Ukishuka mpaka kilomita 40 kwa saa, hesabu ile ile inakuja karibu mita 30.

Sasa jiulize: taa yako inaona mita ngapi? Kama inakuonyesha mita 25, basi hata kwa kilomita 40 unaendesha kwa kubahatisha. Na barabara zetu mnazijua. Mkokoteni wa maksai hauna taa ya nyuma. Baiskeli yenye gunia la mkaa haina hata kipande cha kioo cha kuakisi. Ng'ombe ndiyo hajui lolote.

Kwa nini inakuwa ya njano

Taa nyingi za pikipiki za siku hizi zina uso wa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Ni plastiki nzuri, jiwe likirushwa na lori haipasuki kirahisi kama kioo. Udhaifu wake ni jua. Mionzi ya urujuanimno, ile ile inayochakaza nailoni ya kitalu nyumba mpaka inakuwa ya njano na kukatika kama karatasi, inavunja vunja na polikaboneti. Ndiyo maana kiwandani wanaipaka ngozi nyembamba ya ulinzi juu yake, ambayo kwa macho huioni. Ngozi hiyo ikiisha, plastiki yenyewe inabaki uchi, na kuanzia hapo kila siku ya jua inaongeza unjano.

Kwa hiyo unjano mwingi unaouona uko nje, kwenye tabaka la juu kabisa. Hiyo ni habari njema, kwa sababu kitu kilichoko juu kinasuguliwa kikatoka. Habari mbaya ni kwamba ukisugua unaondoa pia mabaki ya ile ngozi ya ulinzi. Nitarudi hapo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Jua siyo peke yake. Vumbi la luseni ni mchanga mtupu. Unapofuta taa kavu kavu kwa kitambaa, au mbaya zaidi kwa shati ulilovaa shambani, unaipiga msasa bila kujua. Tope la mbuga likikaukia kwenye taa watu wanalibandua kwa kucha au kijiti, nalo linaacha mikwaruzo.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wa pikipiki hawatakuambia lakini mimi lazima niliseme: viuatilifu. Dawa nyingi za maji zenye herufi EC kwenye lebo zimetengenezwa kwa vimumunyisho vya jamii ya mafuta. Vimumunyisho hivyo vinapenda kula plastiki ya aina hii. Kijana anafunga bomba la kupulizia kwenye usukani, kifuniko kinavuja, matone yanatiririka juu ya taa. Baada ya muda unaona nyufa nyembamba kama utando wa buibui ndani ya plastiki. Nyufa za namna hiyo hazitoki kwa msasa. Bomba lifungwe nyuma, tupu, likiwa limeoshwa, na dawa isafiri kwenye chombo chake kilichofungwa, mbali na chakula. Hili la chakula nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Usianze na msasa

Jani la mahindi likiwa la njano hatukimbilii urea siku hiyo hiyo. Tunauliza kwanza: ni njaa ya naitrojeni, ni maji yamesimama, au ni ugonjwa? Taa iendee hivyo hivyo, kwa sababu mwanga hafifu una sababu nyingi na unjano ni mojawapo tu.

Anza kwa kujua kama uso wa taa ni kioo au plastiki. Gonga kwa ukucha. Kioo kinalia kwa sauti kali na ni baridi ukikigusa asubuhi, plastiki inalia kwa sauti butu. Kioo hakigeuki njano kwa jua. Kama cha kwako ni kioo na mwanga ni mbaya, msasa utakiharibu, tafuta tatizo ndani.

Kisha washa injini usiku na utazame mwanga ukiwa silensa, halafu ongeza mafuta. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, kwa hiyo kufifia kidogo injini ikiwa chini ni kawaida. Kama hata ukivuta mafuta mwanga unabaki mwekundu mwekundu, angalia waya wa ethi, soketi iliyoungua, au balbu iliyoingia weusi ndani ya kioo chake.

Mwisho chungulia kile kikombe cha fedha kilicho nyuma ya balbu, kinachorudisha mwanga mbele. Kama fedha yake imebabuka au imekuwa nyeusi, taa hiyo imekufa. Usijaribu kukisugua wala kukifuta kwa nguvu. Ile fedha ni utando mwembamba mno wa alumini, ukipita kitambaa mara moja unatoka nao. Mara nyingi kikombe kinaungua kwa sababu mtu aliweka balbu kubwa kuliko iliyokusudiwa. Taa iliyotengenezwa kwa balbu ya wati 35 ukiiwekea ya wati 60 unapika kikombe na kuchemsha soketi, na umeme wenyewe hautoshi. Soma namba iliyoandikwa kwenye kitako cha balbu kabla ya kwenda kununua.

Kama kikombe kinang'aa, balbu ni nzima, na uso wa plastiki ukiupitisha kidole unakwaruza kama ngozi ya papai bichi lililokauka, hapo sasa tunaweza kufanya kazi.

Pima kwanza

Kwenye shamba darasa hatusemi mbolea imefanya kazi bila kuwa na kitalu kisichowekwa mbolea. Kwa taa fanya hivi: usiku usio na mbalamwezi, simamisha pikipiki kwenye uwanja wa mpira, washa dimu. Mwenzako avae nguo nyeusi atembee kuondoka, akihesabu hatua. Asimame pale unapompoteza. Andika namba. Baada ya kusafisha mrudie, mtu yule yule, nguo ile ile. Ukifanya hivi hutadanganywa na macho yako wala na fundi, na utajua ile hesabu ya mita tuliyoifanya juu inakuhusu kiasi gani.

Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za magari yenye umri wa kama miaka 11. Taa zilizofifia zilikuwa zikitoa asilimia 22 hivi tu ya mwanga wa taa mpya. Ziliposafishwa zilipanda mpaka karibu asilimia 70. Hayo ni magari, lakini plastiki ni ile ile na jua letu halina upole zaidi. Ona pia kwamba 70 siyo 100. Anayekuahidi taa itarudi kama ya dukani anakuuzia maneno.

Kazi yenyewe

Unahitaji msasa wa maji, ule mweusi wanaouza duka la rangi za magari, namba 1000, 1500 na 2000. Kipande kimoja kimoja kinatosha. Kama mikwaruzo ni mikubwa ongeza namba 800, lakini usiianze kwa uroho. Tafuta pia tepu ya karatasi ya mafundi rangi, sabuni ya maji, kitambaa laini cha pamba (fulana kuukuu iliyofuliwa ni nzuri sana), na dawa ya kung'arishia rangi ya gari, mafundi wanaiita kompaundi. Maduka ya Maswa na Bariadi hayakosi vitu hivi, na ukijumlisha gharama ukagawana na wenzako wanne inakuwa pesa ya soda.

Taa iwe imezimwa na imepoa. Osha kwa maji mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, maana punje moja ya luseni chini ya msasa itakuchorea mistari utakayoijutia. Ziba pembeni kwa tepu usije ukakwaruza rangi ya kava. Loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni dakika kama kumi ulainike.

Sugua na namba 1000 kwa upande mmoja tu, tuseme kushoto kwenda kulia, kwa mkono mwepesi, ukimwagia maji muda wote. Maji yatatiririka yakiwa na rangi ya njano. Hiyo ni ngozi iliyokufa inatoka. Endelea mpaka maji yawe meupe kama ya mchele na uso wote uwe na ukungu wa aina moja, bila mabaka. Usiogope ukungu huo. Watu wengi hapa wanashtuka na kuacha, wanasema taa imeharibika, kumbe wako katikati ya safari.

Osha, kisha chukua 1500 na usugue kwa kukatisha, juu kwenda chini. Sababu ya kukatisha ni rahisi: unaona kwa macho mistari ya msasa wa kwanza ikipotea. Ikiisha yote, osha tena, rudi kushoto kulia na 2000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo ukiruka moja, ile mikubwa inabaki chini na hakuna kompaundi itakayoitoa. Ukimaliza, kausha, weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa na zungusha kwa nguvu za wastani. Hapa ndipo taa inafunguka. Dakika ishirini za mkono zinatosha, pumzika ukichoka.

Dawa ya meno je? Inafanya kazi kidogo, kwa sababu nyingi zina chembe laini za kusugulia. Kama taa imeanza tu ukungu, dawa nyeupe ya kawaida, siyo ya jeli, itakusaidia. Kwa taa iliyofika rangi ya chai ni kupoteza dawa ya meno.

Petroli na thina hapana. Najua mtu akipaka petroli taa inang'aa papo hapo na anapiga picha. Inang'aa kwa sababu imelowa. Vimumunyisho hivyo vinaingia kwenye plastiki na kuleta zile nyufa za buibui nilizozitaja, na taa iliyokuwa ya kusafishwa inakuwa ya kutupwa.

Kuilinda, maana bila hivyo umejisumbua

Taa uliyoisugua vizuri na ukaiacha hivyo hivyo itakuwa ya njano tena ndani ya miezi, na safari hii kwa kasi, kwa sababu haina ngozi. Ni kama kupalilia shamba ukaacha mizizi ya ndago ardhini. Vijana wengi wanasema kusafisha taa ni kazi bure, wakati kazi yenyewe waliifanya nusu.

Njia ya kudumu ni klia ya magari, ile ya kuchanganywa na hadina, ambayo ina kinga ya mionzi ya jua. Hii sitaki uipulizie mwenyewe nyumbani. Hadina yake ina kemikali ziitwazo aisosaineti, na moshi wake ukivutwa unaweza kukuachia pumu ya maisha. Kitambaa puani au barakoa ya hospitali havizuii kitu. Mpelekee fundi rangi wa magari mwenye barakoa ya vichujio, taa ikiwa imeshasuguliwa mpaka 2000 na kuoshwa. Kwa ajili ya klia usipitishe kompaundi, kwa sababu klia inataka uso wenye ukungu kidogo ili ishike, na mafuta ya kompaundi yanaifanya ibanduke. Mwombe aimalizie siku anayopiga klia gari la mtu, kikombe kidogo kinachobaki kinatosha taa tatu. Mkienda watano mkiwa na taa zenu mkononi, mtapatana bei.

Ikiwa fundi yuko mbali, paka nta ya magari baada ya kompaundi. Haifikii klia hata kidogo, lakini ukirudia kila baada ya wiki chache inasogeza siku. Kuna klia za kopo la kupuliza pia, nazo zinatofautiana sana. Nyingine zina vimumunyisho vikali, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye pembe ya chini isiyoonekana na usubiri mpaka kesho. Ukiipuliza, fanya nje, asubuhi na mapema kabla upepo wetu haujaamka, na mwagia maji chini vumbi litulie. Taa ikae siku nzima bila kuguswa.

Vanishi ya fanicha msipake, tafadhalini. Nimeiona kwenye pikipiki zaidi ya moja. Ile ya kawaida ya ndani haikutengenezwa kwa ajili ya jua la nje, inageuka njano yenyewe na kubanduka vipande vipande.

Ukishairudisha taa

Kuna kosa moja linaharibu kazi yote hii. Taa inafungwa ikiangalia juu. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, sehemu tambarare, na ufunge mzigo unaobeba siku zote. Hii ya mzigo ni muhimu, kwa sababu matenga yakikaa nyuma springi zinalala na mwanga unapanda. Mkulima anapima pikipiki ikiwa tupu, halafu usiku anamulika matawi ya miembe na kumtia upofu anayekuja mbele. Ukiwa umekaa juu, mwenzako apime urefu kutoka chini hadi katikati ya taa na kuweka alama hiyo ukutani. Ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa mwanga uangukie sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Legeza skrubu, inamisha, kaza.

Angalia pia mpira wa nyuma ya soketi kama umekaa vizuri na kale katundu ka chini ka kutolea maji hakajazibwa na tope. Ukungu unaotokea ndani ya taa asubuhi na kupotea jua likipanda siyo tatizo. Maji yanayocheza ndani ni tatizo, fungua taa uikaushe kivulini na utafute yanakoingia.

Mchana egesha chini ya mwarobaini, na kama hakuna kivuli, tundika gunia safi juu ya taa. Kuosha ni maji kwanza, sabuni, kitambaa mwisho. Na kabla hujaanza hayo yote, pita dukani uulize bei ya taa nzima mpya ya pikipiki yako. Kwa baadhi ya aina ni ndogo kiasi kwamba msasa, kompaundi na nauli ya kwenda kwa fundi vinaikaribia. Kwa hiyo nunua mpya, na siku hiyo hiyo uipake nta kabla jua halijaianza.